Lugha Niliyofundishiwa Uanaume

Tulimzika kaka yangu mkubwa mwaka 1985, nikiwa na umri wa miaka tisa. Baba alikuwa konstebo wa polisi, nasi tuliishi katika kambi moja mjini Jinja, ndani ya kile kibanda cha bati cha duara ambacho kila mtoto wa polisi nchini Uganda anakijua kwa jina la yunipoti. Udongo ulipoanza kuangukia jeneza nililia kwa sauti, na mama akaninyoshea mkono. Baba akamzuia. Alinitazama kutoka upande wa pili wa kaburi, akasema kwa Kiswahili: "Simama wima. Kaza roho. Wewe ni mwanaume."

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kilichonikaa moyoni ni maneno yale. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kuwa ni lugha yenyewe. Baba ni Mteso kutoka wilaya ya Kumi, na alipokaa na ndugu zake Ateso yake ilikuwa tulivu, imejaa vicheko na habari za ng'ombe. Kwa mama, ambaye alikuwa Msoga, alizungumza Lusoga yenye makosa mengi iliyomfanya mama acheke hadi ajishike mbavu. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya mambo matatu: gwaride, washukiwa, na watoto wake wa kiume. Dada zangu wawili wanakumbuka, kama ninavyokumbuka mimi, kwamba hakuwahi kuwaamrisha kwa Kiswahili hata mara moja. Wao aliwaita kwa Lusoga, hata alipokuwa amekasirika. Sisi wavulana tuliposikia "Wewe! Kuja hapa!" tulijua kwamba baba amevua ubaba na kuvaa sare, hata kama alikuwa amekaa kifua wazi mlangoni.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa uanaume, na kwa sababu naipenda kiasi cha kutotaka ibaki na kazi hiyo peke yake. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na kila ninapofika kwenye karne ya 20 ya nchi yetu naona jambo lilelile: sauti ya mwanaume anayetawala, hapa Uganda, mara nyingi imesikika kwa Kiswahili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Lugha hii ilifika katika ufalme wa Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani katikati ya karne ya 19, enzi za mfalme wake, Kabaka Suna, na wakati huo ilikuwa lugha ya bidhaa, ya dini na ya wageni waliopokelewa katika ikulu. Kilichoibadilisha sura ni kambi. Jeshi la King's African Rifles, ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902, lilichukua vijana wa makabila mengi, na kwa upande wa Uganda hasa wale wa kaskazini, Waacholi, Walango na watu wa West Nile, ambao wakoloni waliwatangaza kuwa wamezaliwa kwa ajili ya vita. Vijana hao hawakuelewana kwa lugha za mama zao, hivyo wakapewa lugha moja ya kuamrishiwa. Ndani ya lugha hiyo ya kambini hapakuwa na haja ya kubembeleza mtoto, ya kuposa, wala ya kuomba radhi. Ilikuwa na vitenzi vya amri, na ilimtosha askari. Polisi wakairithi, magereza wakairithi, na baba yangu, alipojiunga na polisi akiwa kijana ambaye hajawahi kutoka Kumi, akaikuta ikimsubiri pamoja na buti.

Idi Amin alikua kikazi ndani ya jeshi hilohilo, akawa bingwa wa ndondi nchini katika miaka ya 1950, na alipokuwa rais akatangaza, mwaka 1973, kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali yake ilikuwa imepiga marufuku sketi fupi, ikawafukuza Waasia, na kuwagawia watu wake maduka yaliyoachwa. Wale waliotajirika kwa njia hiyo waliitwa mafuta mingi, kwa Kiswahili, hata na watu ambao hawakujua neno jingine lolote la lugha hii. Biashara ya kimagendo nayo iliitwa magendo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikaja zile operesheni ambazo askari waliuzunguka mtaa mzima alfajiri, wakawakusanya watu, hasa vijana wa kiume, wakawapakia kwenye malori, na baadhi yao hawakurudi. Jina lake lilikuwa panda gari. Kwa mama wa Tanga au wa Mombasa hayo ni maneno ya kumwambia mtoto asichelewe shule. Kwa Mganda wa rika langu ni maneno yanayosimamisha nywele, na ninapoulizwa na wageni kwa nini Kampala inakitazama Kiswahili kwa jicho la pembeni, nikisikia watu wakijibu kwamba Waganda wana majivuno ya lugha yao, ninaona kuwa jibu hilo haliwatendei haki. Walikisikia kutoka kwa wanaume wenye bunduki. Wangekipendaje?

Hadi hapa nimesimulia juu ya nguvu, na nguvu ni rahisi kuieleza. Jambo gumu zaidi ni ridhaa. Antonio Gramsci, Mwitaliano aliyekamatwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926, alijaza madaftari gerezani akijaribu kuelewa kwa nini wanaotawaliwa huyakubali mambo yanayowaumiza na kuyaita ya kawaida. Neno alilolitumia, hegemonia, lina asili ya Kigiriki yenye maana ya uongozi, na mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwamba ni utawala wa ridhaa: mtawala hahitaji kushika fimbo kila siku kwa sababu fimbo imeshaingia ndani ya mawazo ya anayetawaliwa. Katika miaka ya 1980 mwanasosholojia wa Australia, Raewyn Connell, pamoja na wenzake, walilichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye uanaume. Walisema kwamba katika kila jamii ziko namna nyingi za kuwa mwanaume, lakini moja hupewa kiti cha mbele na nyingine zote hupimwa kwa hiyo. Na kwamba wanaume wachache sana huifikia kikamilifu, ingawa wengi huiunga mkono kwa sababu wanapata mgao kutokana nayo. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilimwona baba yangu, lakini nilimwona mama yangu kwa uwazi zaidi.

Mama alifuga kuku miaka yote ya utoto wangu na hakuwaonja. Alilelewa katika mila ambayo mwanamke hali kuku wala mayai, na ingawa wakati huo wenzake wengi walikuwa wameshaiacha, yeye aliishika. Alimpikia baba, akamtengea firigisi juu kabisa ya sahani ili asije akaitafuta, kisha akaketi kwenye mkeka kula mboga. Mimi nilipoingia jikoni alinifukuza kwa mwiko, akisema kwamba mvulana anayezoea moshi hataheshimiwa na mkewe. Yeye ndiye aliyewafundisha dada zangu kupiga magoti wanaposalimia, akiwasahihisha pembe ya goti na kiwango cha sauti kwa uvumilivu ambao sikuuona katika jambo jingine lolote. Hakuna aliyemlazimisha. Baba mara nyingi alikuwa lindo. Nasema kwa moyo mzito, kwa kuwa amekwisha kufariki na hawezi kunijibu, kwamba uanaume wangu ulijengwa zaidi na mikono yake kuliko na sauti ya baba, na kwamba aliufanya kwa upendo.

Wala hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 uliwauliza wanawake na wanaume wa Uganda kama zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe, kwa mfano akiunguza chakula au akitoka bila kuaga. Asilimia 49 ya wanawake walitaja angalau sababu moja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 41. Ninapoziandika tarakimu hizi ubaoni wavulana hucheka na wasichana hunyamaza, na mimi husubiri kicheko kiishe, kwa sababu ndani ya tofauti hiyo ya asilimia 8 ndimo alimokaa mama yangu na mkeka wake.

Lakini ridhaa si kitu kigumu kama jiwe. Profesa Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Makerere, ameandika juu ya ssenga, yule shangazi ambaye katika mila ya watu wa Buganda humfunda binti mambo ya ndoa, na akaonyesha kwamba mafunzo yaleyale yanayomwambia binti atii humpa pia maarifa ya mwili wake na njia za kujipatia anachokitaka. Dada yangu mkubwa alithibitisha hilo bila kumsoma profesa yeyote. Anapiga magoti mbele ya shemeji yangu, na kiwanja chao kimeandikwa kwa jina la dada.

Wala mfumo huu haukushuka kutoka mbinguni ukiwa umekamilika. Katika Buganda ya zamani Namasole, mama wa Kabaka, na Lubuga, malkia dada, walikuwa na ardhi zao, watumishi wao na mamlaka yao. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda uliigawa ardhi ya mailo, yaani iliyopimwa kwa maili za mraba, kwa familia ya kifalme na kwa machifu wapatao 1,000, na machifu hao walikuwa wanaume. Katika Luganda chifu ni omwami, na mume pia ni omwami. Kiswahili hakina cha kujivunia hapa, maana kwetu bwana ni mume, ni mwajiri, na ni Mungu. Mwanaume huoa na mwanamke huolewa. Na mkono wa kulia, ule wa baraka na wa kiapo, ni mkono wa kuume. Sarufi haimpigi mtu, lakini inampangia mahali pa kusimama kabla hajafungua kinywa.

Naomba nisieleweke kwamba kila desturi ya wanaume ni mzigo. Kwa Wagisu wa Mbale, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana hutahiriwa hadharani katika imbalu, wakiwa wamesimama bila kupepesa jicho, na anayekwepa hutafutwa hadi apatikane. Ni desturi kali, na ukali wake wa kumsaka anayekimbia siwezi kuutetea. Hata hivyo nimekaa nikaitafakari nikilinganisha na kambi yetu, nikaona tofauti moja kubwa: imbalu ina ngoma, ina ndugu, na ina mwisho. Kijana akishasimama siku ile, amesimama. Uanaume wa kambini hauna siku ya kuhitimu. Ulidaiwa upya kila asubuhi, na baba yangu, ambaye alikuwa ametumikia polisi zaidi ya miaka 30, aliondoka kazini akiwa bado anaudaiwa.

Deni hilo huonekana wazi zaidi pale ambapo hakuna cha kulilipia. Wakati wa vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony kaskazini, watu wa Acholi walihamishiwa kambini, na kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu milioni 1.5 kaskazini mwa nchi walikuwa wameyahama makazi yao. Mtafiti Chris Dolan, aliyefanya kazi huko mwishoni mwa miaka ya 1990, aliandika kwamba picha ya mwanaume kamili haikulegea hata kidogo: aoe, azae, alishe, alinde. Ila mwanaume wa kambini hakuwa na shamba la kulisha, hakuwa na ng'ombe wa mahari, na hakuweza kumlinda mtoto wake asitekwe usiku wala mkewe asidhalilishwe na waasi au askari. Alibaki anapimwa kwa kipimo ambacho vita vilikuwa vimekivunja. Wengine walizama kwenye pombe, wengine walipiga waliokuwa dhaifu kuliko wao, wengine walijiua, na wengine walichukua bunduki kwa kuwa ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kusikilizwa. Ninapowasikia wazee wa mjini wakisema kwamba wanaume wa siku hizi wameharibika kwa uvivu huwa nawafikiria wale.

Katika eneo hilohilo, miaka ya 1986 na 1987, mwanamke aliongoza maelfu ya wapiganaji kutoka Acholi hadi karibu na Jinja yetu, kabla ya kushindwa. Alice Auma hakuamrisha kwa jina lake. Aliyeamrisha, kwa imani ya wafuasi wake, alikuwa Lakwena, roho ya kiume ya Mwitaliano iliyozungumza kwa kinywa chake. Sina haja ya kuihukumu imani hiyo. Ninachoona ni kwamba ili wanaume wamfuate mwanamke hadi kifo, sauti ilibidi iwe ya mwanaume. Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati huo, na nakumbuka baba akiondoka nyumbani usiku na bunduki, akiniambia kwamba nyumba inabaki mikononi mwangu. Mama alikuwa amesimama pale pale.

Sheria zimebadilika, na hilo nalitaja haraka kwa kuwa linajulikana. Sheria ya talaka ya mwaka 1904 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi pekee huku mke akitakiwa kuthibitisha na kosa jingine juu yake. Mahakama ya Katiba ikaivunja tofauti hiyo mwaka 2004. Sheria dhidi ya ukatili wa majumbani ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Lakini mwaka 2014, sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa saini, magenge ya wanaume waliwavua nguo wanawake barabarani wakisema wanaitekeleza. Asubuhi moja wenzangu walilizungumza jambo hilo katika chumba cha walimu wakicheka, mwalimu wa kike akiwa anasahihisha madaftari kona ile. Mimi sikucheka. Wala sikusema neno. Nilikunywa chai yangu, na mgao ambao Connell aliuandika ulikuwa ndani ya kikombe kile: nilikuwa na haki ya kutoka pale na kutembea hadi stendi ya teksi bila kuangalia nguo zangu.

Kuna tukio moja lililonifanya niianze tafakuri hii yote. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kumtafsiria mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo katika zahanati moja ya Kampala, kwa kuwa daktari hakujua Kiswahili. Alikuwa mwanaume wa makamo, mkulima, mwenye Kiswahili kizuri cha Kivu. Alieleza maumivu ya mgongo, kisha ya tumbo, kisha akanyamaza. Mwishowe akaninong'oneza mimi, si daktari: "Walinifanya mwanamke." Nililielewa, na kwa dakika nzima sikuweza kulitafsiri. Askari walikuwa wamembaka, na lugha yetu tunayoishiriki ilikuwa imempa maneno hayo tu ya kulisemea, maneno yanayomaanisha kwamba hakuumizwa bali ameshushwa cheo, na kwamba mahali aliposhushwa ndipo alipo mkewe siku zote. Refugee Law Project, mradi ulioanzishwa Makerere mwaka 1999, umefanya kazi kwa miaka mingi na wanaume kama yeye, ambao kwa kawaida hawaji kuomba msaada hadi mwili uwashinde. Nilimwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mgonjwa alibakwa. Yule mzee akaniuliza nimesema nini, nikamwambia: "Nimesema ulitendewa uhalifu, mzee wangu." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekionja chakula kigeni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza maneno yangu. Wanangu wa kiume nawaamrisha kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, nimegundua, na kwa sauti ya baba.

Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Binti yangu wa miaka kumi anafundishwa na mwalimu wa kike. Baba anaishi nasi tangu mama alipofariki, amezeeka, hasikii vizuri sikio moja. Jioni moja mtoto alirudi na daftari lake, akainama mbele ya kiti chake na kusema: "Shikamoo, babu." Baba akanitazama. Zaidi ya miaka 30 ya Kiswahili, na salamu hiyo hakuwa ameijua, maana gwarideni hakuna anayeamkiana hivyo. Nikamwambia ajibu "marahaba". Akajibu.

Waliendelea kwa muda, mtoto akimfundisha kuaga, kukaribisha na kushukuru, naye akirudia kila neno kwa sauti ya chini. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili, kwa ile lafudhi yake ya kambini: "Na mtu akipoteza mtu, hapo munasema nini?"

"Tunasema pole, babu. Na mwalimu ametuambia kwamba watu wa pwani husema makiwa."

"Makiwa," baba akasema. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake juu ya goti. Kisha akaniomba nimwandikie neno hilo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.